KISU CHA MFUKO: KIZUIZI CHAKE KINALINDA VIDOLE VYAKO



Tia mkono mfukoni. Wengi wetu tutakuta humo funguo za nyumba, simu, kitambaa, na kisu kidogo cha kukunja. Kisu hiki kinatusaidia tangu asubuhi hadi jioni: kukata kamba, kufungua mfuko wa simenti, kumenya embe saa ya chakula. Kwa sababu ni kidogo, hatukifikirii. Leo tukifikirie pamoja, maana sisi wa dispanseri tunaona mara kwa mara kazi nyingine ambayo kisu hiki kinafanya wakati mwenyewe hakutaka.

JAMBO LILILOTOKEA

Siku moja ya Jumatano, fundi mmoja wa mekanike aliingia dispanseri, mkono wake wa kuume umefungwa kitambaa. Alisema: «Munganga, ni kakidonda kadogo tu. Unipake dawa, nirudie kazini.» Nilifungua kitambaa. Kidole cha shahada kilikuwa kimevimba, chenye usaha, na kidonda kilipita upande wa ndani, pale kidole kinapokunjwa. Nilimwomba akunje kidole. Vidole vingine vilikunjwa. Hicho kilibaki kimenyooka kama kijiti.

Alikuwa amejikata siku ya Jumapili, nyumbani kwake. Alitaka kutoboa bidoni ya plastiki kwa ncha ya kisu. Alisukuma kwa nguvu, ncha ikakwama, ubapa ukarudi nyuma na kujifunga juu ya kidole chake. Damu ilipokauka, alifikiri mambo yamekwisha. Kumbe kano lilikuwa limekatika, ile kamba nyeupe na ngumu inayovuta kidole. Tulimpeleka lopitali siku ile ile, lakini uchafu ulikuwa umekwisha kuingia, na ilibidi kuutibu kwanza. Leo kidole kipo, lakini hakikunji. Fundi ambaye kidole chake cha shahada hakikunji hashiki boloni ndogo, na kazi aliyojifunza kwa miaka mingi hawezi kuifanya tena kama zamani.

Alikuwa amekuja na kisu chake. Nikakiangalia. Kilikuwa kisu kizuri, chenye pete ya kuzuia ubapa. Lakini pete ilikuwa haizunguki tena, kwa vumbi jekundu na grisi ya zamani. Nilimwuliza tangu lini. Alijibu: «Karibu mwaka, munganga. Nilizoea.»

Ndugu zangu, somo la leo limo katika neno hilo. Kizuizi kisichofanya kazi ni sawa na kisu kisicho na kizuizi. Tena ni kibaya zaidi, maana mwenyewe anadhani amelindwa.

KWA NINI KISU CHA KUKUNJA KINAJIFUNGA?

Unapokata mkate, makali yanakwenda chini na nguvu ya mkono inauweka ubapa wazi. Hapo hakuna hatari ya kujifunga. Hatari inakuja katika mambo matatu:

1. Unaposukuma ncha mbele ili kutoboa.
2. Ubapa unapokwama katika kitu kigumu nawe unautikisa ili utoke.
3. Unapogonga au kukandamiza mgongo wa kisu.

Katika mambo hayo matatu nguvu inausukuma ubapa kurudi katika mpini. Na njiani kuna nini? Kuna vidole vyako vinne vilivyoshika mpini.

Visu vingi vya zamani vina resori tu, yaani mkanda wa chuma unaobana ubapa. Kisu cha Kifaransa kinachoitwa Douk-Douk, kilichotengenezwa tangu 1929 katika mji wa Thiers na kujulikana sana Afrika, ni cha namna hiyo. Ni kisu chenye nguvu, lakini resori inashikilia ubapa, haiufungi. Ukisukuma kwa nguvu kuliko resori, ubapa unarudi. Kwa kumenya na kukata, kinatosha. Kwa kutoboa, hapana.

AINA NNE ZA KIZUIZI

Pete inayozunguka. Hii inajulikana kwa kisu cha Opinel. Joseph Opinel alianza kutengeneza kisu chake mwaka 1890 huko Savoie, Ufaransa. Pete ya kuzuia iliongezwa mwaka 1955 tu, na Marcel Opinel. Hesabu mwenyewe: miaka 65 watu walikitumia bila kizuizi. Pete ina mwanya. Mwanya ukielekea ubapa, ubapa unapita; ukiizungusha pete, mwanya unaondoka na ubapa hauna njia. Tangu mwaka 2000 pete hiyo inafunga pia kisu kilichokunjwa, kisifunguke mfukoni. Lakini pete haijizungushi. Usipoizungusha wewe, hakuna kizuizi.

Resori ya mgongoni yenye meno. Hii ni ya kisu cha Okapi, chenye jina la mnyama wetu wa msitu wa Ituri. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa kuuzwa Afrika, na tangu 1988 kinatengenezwa Afrika ya Kusini. Ukikifungua unasikia meno yakilia moja baada ya jingine. Kwa kukikunja unavuta pete ndogo ya mgongoni. Vumbi likijaa katika meno, resori haikai chini kabisa, na misumari ya mpini ikilegea, meno hayashiki vizuri.

Kipande cha mgongoni cha kubonyeza. Jino la chuma linaingia katika tundu la ubapa. Ni kizuizi kizuri, lakini tundu likijaa uchafu, jino linaingia nusu. Tena angalia usikibonyeze kwa kiganja wakati unakaza mkono.

Ulimi wa ndani. Bamba jembamba la chuma linasogea nyuma ya ubapa lenyewe, pasipo wewe kufanya kitu. Ulimi ukilika, unashika pembeni tu na unaweza kuteleza. Wakati wa kukunja, kidole gumba kinakuwa katika njia ya makali: sukuma ulimi, rudisha ubapa kidogo, ondoa kidole gumba, halafu ndipo umalize kukunja.

NAMNA YA KUCHAGUA

Usinunue jina lililoandikwa juu ya ubapa, maana sokoni kuna vya kuiga. Nunua kile ambacho mkono wako umekijaribu. Mbele ya mwuzaji, angalia haya:

1. Urefu. Kwa kazi za kila siku, ubapa wa sentimita 7 hadi 8 na nusu unatosha. Opinel namba 8, ambayo watu wengi wanaitumia, ina ubapa wa sentimita 8 na nusu. Kisu kirefu kinavutia kazi ambazo si zake.

2. Kucheza. Fungua na ufunge kizuizi. Shika ncha ya ubapa kwa vidole viwili pande zake, uitikise kuume na kushoto, juu na chini. Ikicheza kisu kikiwa kipya, kitacheza zaidi mwezi ujao.

3. Kizuizi. Fungua na kufunga mara kumi. Kinapaswa kushika mara zote kumi. Mara tisa si vizuri.

4. Mpini. Ujaze kiganja, usiteleze mkono ukiwa na jasho au mafuta. Mpini mwembamba mno unazunguka mkononi.

5. Kikiwa kimekunjwa. Ncha yote iingie ndani ya mpini. Pitisha kitambaa, si kidole: kitambaa kikinaswa, na mfuko wako utanaswa, na mkono wako pia.

6. Chuma. Kuna chuma cha kaboni na chuma cha inoksi. Cha kaboni kinanoleka upesi lakini kinashika kutu, hasa kwetu toka Novemba, mvua zinapokaza. Cha inoksi kinavumilia maji na jasho. Kwa mtu ambaye hana saa ya kukitunza kisu, inoksi ni afadhali. Lakini inoksi haina maana «haipati kutu kabisa». Kiache katika maji ya chumvi utaona.

Utasema: «Kisu kizuri ni bei.» Ni kweli. Lakini pima bei hiyo na majuma ambayo mkono umefungwa bandi, na kazi ya mikono miwili inayofanywa na mmoja.

KILA ASUBUHI, KABLA YA KUANZA

Dereva anajaribu freno kabla ya kuondoka. Nawe jaribu kizuizi cha kisu chako. Ni kazi ya nusu dakika:

— Fungua ubapa, funga kizuizi.
— Shika mpini kwa pande zake mbili tu, vidole vyote vikiwa NJE ya mfereji ambamo ubapa unalala.
— Kandamiza mgongo wa ubapa juu ya ubao, kwanza polepole, halafu kwa nguvu kidogo.

Ubapa usisogee. Ukisogea, hata mara moja, kisu hicho hakifanyi kazi siku ile. Kirudishe nyumbani, ukisafishe, ukijaribu tena. Kikishindwa tena, kitupe. Usimpe mtoto, wala usimwuzie jirani.

KUSAFISHA

Nchi yetu ina maadui wawili wa kisu: vumbi wakati wa kiangazi, na unyevu wakati wa mvua. Vumbi linachanganyika na mafuta na kuwa udongo mgumu katika kizuizi. Basi mara moja kwa juma, kwa mfano Jumamosi jioni, fanya hivi:

1. Fungua kisu, funga kizuizi. Toa uchafu wa mfereji kwa kijiti chembamba. Usitumie kucha.

2. Sugua kizuizi kwa mswaki wa zamani na maji ya moto yenye sabuni. Kama grisi ya zamani imekauka, weka matone machache ya petroli, mbali na moto, subiri, sugua, halafu uoshe tena kwa sabuni. Mpini wa mbao usiulowekwe: mbao inavimba na ubapa unakwama.

3. Kausha vizuri kwa kitambaa, halafu kiache wazi hewani, mahali ambapo watoto hawafiki.

4. Tia tone MOJA la mafuta mepesi ya mashini kwenye msumari ambamo ubapa unazungukia. Tone moja, si matatu: mafuta mengi yanakamata vumbi. Kwa kisu cha ulimi wa ndani, futa mafuta pale ulimi unaposhika ubapa.

5. Ubapa wa kaboni upakwe vazelini kidogo sana. Mafuta ya zamani yaliyotolewa katika motere yasitumiwe hata kidogo, maana kesho utakata mkate kwa kisu hicho.

Ukiona ubapa wa kaboni unageuka rangi ya majivu baada ya kukata embe au ndimu, usiogope. Hiyo si kutu. Kutu ni nyekundu na inakwaruza. Iondoe mara moja kwa majivu laini na kitambaa chenye maji kidogo.

Na kama mbao ya Opinel imevimba na ubapa hautoki, usiuvute kwa meno wala kwa koleo. Fungua pete, gonga kisigino cha mpini juu ya meza, nao ubapa utatoka kidogo. Halafu uache mpini ukauke kivulini.

KUNOA

Wengine wanasema: «Kisu butu hakina hatari.» Ni kinyume. Kisu butu kinataka nguvu, na nguvu inapoteleza haijui inakwenda wapi. Kisu kikali kinakwenda pale unapokiongoza.

Noa juu ya jiwe lililolowa maji, kizuizi kikiwa kimefungwa. Simamisha ubapa wima juu ya jiwe: hiyo ni digrii 90. Ulaze nusu: 45. Ulaze nusu tena: karibu 22. Hapo ndipo pa kunolea. Sukuma kana kwamba unakata ngozi nyembamba ya jiwe, mara kumi upande huu, mara kumi upande ule. Maliza kwa kupitisha ubapa juu ya mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia. Usipeleke kisu kwenye jiwe la umeme la atelie: chuma kinashika moto, na ukiona rangi ya buluu, ugumu wake umekwisha pale.

MAMBO YA KUKATAA

Kizuizi hakigeuzi kisu cha mfuko kuwa chombo cha kila kazi. Kataa haya:

— Kufungua kifuniko kwa kukipindua na ncha. Ubapa unaweza kuvunjika na kipande kuruka, hata machoni.
— Kugonga mgongo wa kisu kwa nyundo.
— Kukata waya wenye umeme. Mpini wa kisu si kinga ya umeme.
— Kukata kuelekea paja, tumbo au mkono unaoshika kitu. Kata kuelekea nje.
— Kukata kamba iliyokazwa ukiwa mbele yake. Simama pembeni, maana itaruka.
— Kufunga kisu kwa kamba mkononi karibu na mashini inayozunguka.
— Kumtupia mwenzako kisu, au kumpa kikiwa wazi. Kikunje, weka mkononi mwake.
— Kutumia kisu karibu na baruti na nyuzi zake. Kazi hiyo ina watu wake na vyombo vyake.
— Kumenya chakula kwa kisu kilichogusa asidi au vumbi la madini, kabla ya kukiosha kwa sabuni.
— Kupasua jipu, kukata kitovu cha mtoto, au kukata ngozi ya mtu. Kisu chako, hata kiking'aa, kina vijidudu. Tetanosi na magonjwa ya damu yanapita humo.

KAMA UMEJIKATA

1. Kandamiza kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, dakika 10 kwa saa. Usifungue kila mara kuangalia. Inua mkono juu kuliko moyo. Vua pete ya kidole mapema, kabla ya kuvimba.

2. Damu ikipungua, osha kwa maji mengi safi na sabuni. Usitie makala, udongo, petroli, dawa ya meno wala unga wa pili. Vitu hivyo vinaingiza uchafu na vinatuficha kidonda.

3. Funga kwa kitambaa safi, uje dispanseri SIKU ILE ILE kama: damu haikomi, kidonda ni kirefu au kiko penye kiungo, kidole hakikunji au hakinyooki, ncha ya kidole haisikii kuguswa. Usilazimishe kidole kukunja ili kujaribu. Kano likishonwa katika siku za kwanza, kidole kina bahati nzuri ya kupona. Majuma yakipita, ncha zake zinarudi nyuma na kushikamana, na hata fundi wa kupasua hawezi kufanya yote.

4. Kama damu inaruka kwa nguvu, endelea kukandamiza njiani, usiache mpaka ufike kwetu.

5. Kama kipande cha kidole kimekatika kabisa, usikitupe. Kikunje katika kitambaa safi chenye maji kidogo, tia katika mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo uweke juu ya barafu. Kipande chenyewe kisiguse barafu. Kuja nacho.

6. Leta karata yako ya chanjo. Kijidudu cha tetanosi kinakaa katika udongo na mavi ya wanyama, na ugonjwa unaweza kuanza siku nyingi baadaye, mara nyingi kati ya siku 3 na 21, kidonda kikiwa kimekauka. Aliyekamilisha chanjo zake anarudia kama miaka 10 imepita. Kidonda kikiwa kichafu, kama miaka 5 imepita. Asiyejua hesabu yake aseme wazi. Hakuna atakayemcheka.

Na neno moja zaidi. Wengine wanaficha kidonda kwa sababu walijikata nyumbani, wakidhani dispanseri ni ya kidonda cha kazini tu, au shefu atakasirika. Yule fundi wa bidoni alifikiri hivyo, akapoteza siku tatu. Kwetu sisi, kidole ni kidole, cha Jumapili ama cha Jumatatu.

TUKUMBUKE

Chagua kisu ambacho kizuizi chake kinashika mara zote.
Kijaribu kila asubuhi, vidole vikiwa nje ya njia.
Kisafishe kila juma, tone moja la mafuta.
Usisukume ncha kama kizuizi hakijafungwa.
Ukijikata, kuja siku ile ile.

Leo jioni, ukifika nyumbani, kabla ya bukari kuiva, toa kisu chako mfukoni. Fungua, funga kizuizi, kandamiza mgongo juu ya ubao. Kama kimesogea, ni afadhali umelijua leo mezani kuliko kesho kidoleni.